Vyambo vya kitambo ndani ya boksi la uvuvi: mwongozo kamili wa kuvirudisha baharini

Nyumba ya mvuvi hapa Mombasa haikosi lile boksi. Liko chini ya kitanda, ama juu ya kabati, ama stoo kule nyuma na madumu ya maji, na ndani mna rapala (vyambo bandia vyenye umbo la samaki), vijiko na ngisi wa plastiki ambao hakuna anayekumbuka waliingia maji mara ya mwisho kusi ya mwaka gani. Mtu akitaka kutoka anapitia dukani kununua kipya, na bei ya chambo bandia sai si mchezo, huku vya zamani vimelala tu. Msimamo wangu ni huu: mwili wa chambo cha kitambo mara nyingi ni mzima, kilichokufa ni vyuma vyake. Ndoana, ringi (ile pete ndogo inayoshika ndoana kwenye chambo), waya. Kwa hivo kazi yote hapa chini ni kutoa chuma kibovu na kuuacha mwili ulivo, si kupaka marangi mpaka kifanane na cha juzi.

Hatua ya 1: Limwage boksi, usitie mkono

Usipekue kwa vidole. Tandaza gunia ama sinia la bati barazani penye mwanga, pindua boksi polepole vyote vitoke. Watoto wakae mbali na wewe vaa viatu, manake ndoana ya meno matatu ikishaanguka sakafuni huioni mpaka iwe ndani ya kisigino. Ikikuchoma nayo ina kutu usijitie ushujaa, nenda kituo cha afya uulizie sindano ya pepopunda.

Utakuta mafungu yameshikana, vyambo vitano sita kitu kimoja. Usivute. Hizo ndoana utazitoa hata hivo, kwa hivo chukua plaisi uzikate hapo hapo kwenye shingo na mafungu yatajifungua yenyewe. Cha kulinda ni lile jicho lililo kwenye mwili wa chambo, hilo usilipinde.

Na kuna jambo linawashangaza wengi, ule mdudu wa mpira wa pinki, yani chambo laini, uliolala juu ya rapala miaka yote hiyo umeyeyuka, umekuwa utomvu kama wa fenesi, ukiubandua unatoka na rangi ya rapala na chini yake plastiki imelainika, ukibonyeza kwa kucha alama inabaki. Watu wanalaumu joto. Joto linaharakisha tu, chanzo chenyewe ni mafuta yanayotiwa kwenye mpira kiwandani ili uwe laini, yale mafuta yanahama taratibu na kuingia kwenye plastiki ngumu inayogusana nayo. Kwangua kwa kijiti, si kisu, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia kisha sabuni ya vyombo. Kama umbo limeharibika upande mmoja basi hicho kiage, hakitaogelea sawa tena.

Hatua ya 2: Vitenge kwa aina

Hapa watu wanaharakisha na ndipo penye utamu. Tenga mafungu kwa namna chambo kinavofanya kazi, usitenge kwa rangi.

Vijiko, yani kipande cha chuma kilichopindwa, cheupe ama cha shaba. Hivi ni wazee wa boksi. Mmarekani anayeitwa Julio Buel alisajili haki ya ubunifu wa kijiko cha kuvulia tangu 1852 na umbo halijabadilika sana, kwa hivo kijiko ulichorithi kwa mzee wako hakijapitwa na chochote. Mzia anakipenda, kolekole mdogo pia.

Vya ulimi, zile rapala zenye kile kisahani cha plastiki mdomoni kinachofanya chambo kipige mbizi na kutikisika. Lauri Rapala alikuwa mvuvi wa Finland, na ya kwanza aliichonga kwa kisu mwaka 1936, akaifunika karatasi za chokoleti ing'are, juu yake akapaka filamu za picha alizoyeyusha ili maji yasiingie. Hii hadithi ina maana kwako leo, kwa sababu rapala nyingi za kitambo ndani ni mbao nyepesi, na usalama wa mbao wote uko kwenye lile ganda la nje. Likipasuka, maji yanaingia, mambo kwisha.

Kisha kuna vya sketi na vya manyoya, kichwa kizito na malinda yanayoning'inia, hivi ni vya kurambaza, yani kukokota chambo nyuma ya mashua yenye mashine inayotembea. Jigi, ule mche wa risasi unaoshushwa wima. Na popa, mdomo uliochimbika wa kurusha maji juu.

Ukishatenga jaza karai maji, tia kimoja kimoja uone kipi kinaelea, kipi kinazama, kipi kinazama polepole. Yale maandishi ya tumboni yalishafutika, kwa hivo karai ndilo litakalokwambia. Andika kwa kalamu ya wino wa kudumu chini ya ulimi, E ama Z, utajishukuru ukiwa nje na mawimbi.

Ukipata cha zamani sana na boksi lake la karatasi bado lipo, hicho weka kando usikiguse. Kuna watu wanavikusanya, na thamani yake kwao iko kwenye rangi ya asili na boksi lake.

Hatua ya 3: Maji matamu kwanza

Kabla ya siki, kabla ya msasa, maji. Chumvi iliyokaukia kwenye matundu ya ringi inavuta unyevu hewani, na hewa yetu unaijua, kwa hivo chambo kinaendelea kula kutu hata kikiwa ndani ya boksi lililofungwa. Na hapa Mombasa ni lazima uangalie maji gani. Ya kisima mitaa mingi yana chumvi, ukiosha nayo umerudisha ugonjwa ulioutoa. Tumia ya mkokoteni ama ya mvua. Loweka saa moja, mwaga, badilisha, tena saa moja, na sabuni kidogo kwenye maji ya pili.

Vya mbao usiloweke, osha upesi na ukaushe kivulini.

Hatua ya 4: Kutu

Hii ni kwa vijiko na vyuma unavyotaka kubaki navyo, si kwa ndoana, za ndoana tunakuja. Siki nyeupe, nusu saa hivi, kisha mswaki wa zamani, kisha chovya kwenye maji yenye magadi kidogo kuua ukali wa siki, suuza, kausha kabisa. Kijiko cha shaba hakitaki hata siki, ndimu na chumvi vinatosha, ama ukwaju, vile vile nyanya wanavosugua masinia yao ya shaba.

Kitu chochote chenye risasi usikitie kwenye siki wala ndimu. Siki inaila risasi na kutoa chumvi yenye sumu, na karai ni hilo hilo linaoshewa mchele kesho. Jigi na vichwa vya risasi pangusa kwa kitambaa chenye sabuni, nawa mikono, na karai la kazi hii liwe lake peke yake.

Na usisugue mpaka uone sura yako. Bahari ya kaskazi ikiwa safi na jua kali, kijiko kilichofifia kidogo hakina ubaya wowote, mimi huwa nang'arisha upande mmoja tu, ule wa ndani nauacha.

Hatua ya 5: Kagua mwili

Shika chambo karibu na sikio, tikisa. Ukisikia vigololi vikigonga kavu kavu, sawa, vingi vimetengenezwa hivo. Ukisikia maji yakicheza, kuna ufa. Kuutafuta ni rahisi: kitumbukize kwenye maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, hewa ya ndani inapanuka na vipovu vinatoka pale pale penye ufa. Weka alama, toboa katundu kadogo maji yatoke, kiache siku kadhaa kivulini, kisha ziba kwa ile gundi ya mirija miwili ya kuchanganya. Jua kali usithubutu, rangi inafanya malengelenge. Mikwaruzo midogo ya rangi pitisha tabaka moja ya rangi ya kucha isiyo na rangi, yatosha.

Cha mbao bonyeza kwa kucha kuzunguka matundu ya ndoana na kuzunguka ulimi. Mbao ikikubali kuingia, imeoza.

Sasa kipimo cha nguvu. Rapala nyingi za kitambo zina waya mmoja unaopita ndani kutoka mdomoni mpaka mkiani, na huo ndio unaobeba samaki. Funga kamba kwenye jicho la mbele, tundika juu, kwenye jicho la nyuma ning'iniza dumu la lita 5 lililojaa maji, hapo una kama kilo 5. Liache dakika chache, kisha lishtueshtue kidogo. Jicho likisogea ama ukisikia kitu kikilia ndani, hicho kitakuwa cha kupamba ukuta, manake nguru hapimi na dumu, anapiga mara moja kwa kasi yote.

Alama za meno ziache. Watu wanazifunika kwa rangi sijui kwa nini, chambo kilichotafunwa pande zote ndicho cha kwanza kufunga mimi.

Hatua ya 6: Ndoana mpya, na uzito wake

Kipimo cha ndoana kinajulikana: gusisha ncha kwenye ukucha bila kukandamiza, ikiteleza ni butu, ikikwama ni kali. Lakini kwa za kitambo hata ikikwama mimi naitoa. Kutu inaanzia ndani ya tundu la ndoana, mahali macho hayafiki. Ishike kwa plaisi na uipinde, ya zamani inakatika “tak” bila hata kunyooka. Kati ya vitu vyote utakavyopoteza samaki akikatika, ndoana ndiyo ya bei rahisi, kwa hivo usibane pesa hapo.

Kosa kubwa linakuja dukani. Mtu anachukua ndoana nene kwa sababu anawaza kolekole, anaifunga kwa rapala inayoelea, na rapala inageuka jiwe ama inaogelea imeinua mkia. Nenda na ndoana ya zamani mfukoni. Mpya iwe karibu na uzito ule ule, ukitaka hakika tumia mizani ndogo ya jikoni, ama rudi kwenye karai: kilichokuwa kinaelea bado kinaelea, na kimelala sawa, hakijainama mbele wala nyuma?

Meno matatu ama moja? Mimi niko upande wa moja. Ndani ya ngalawa inayoyumba, na nguru anarukaruka miguuni mwako, ndoana ya meno matatu iliyobaki nje ya mdomo wake inatafuta nyama yoyote, na hiyo nyama ni yako. Ya jino moja inashika vizuri, haikunjuki kirahisi, na haizoi mwani wala haikwami sana kwenye miamba. Tafuta zile ambazo tundu lake limeelekea sawa na mwili wa ndoana, ukikosa utahitaji ringi ya ziada ili ikae sawa. Ya mkiani ncha iangalie juu. Ya tumboni na ya mkiani zisifikiane, ukizivuta zikigusana zitashikana majini. Na kwa nguru ile ya mkiani ndiyo muhimu, yule anapenda kukata mkia wa windo lake kwanza.

Ringi nunua za stenlesi, zifungue kwa ncha ya plaisi kiasi cha ndoana kupita tu, ukiipanua sana haitarudi. Usichanganye ringi ya stenlesi na ndoana ya bei ya chee na kuziacha zimelowa maji ya chumvi, metali mbili tofauti zikigusana kwenye chumvi ile dhaifu inaliwa haraka zaidi. Utafungua boksi baada ya mwezi ukute ringi inang'aa na ndoana imekuwa vumbi.

Kati ya chambo na mshipi waya ni lazima, meno ya nguru na ya mzia yanakata naironi bila wewe kuhisi. Shubiri moja na nusu hivi inatosha kwa chambo cha ulimi. Swiveli, kile kiungo cha chuma kinachozunguka ili mshipi usijisokote, iwe kule mwisho wa waya upande wa mshipi, usiifunge puani mwa rapala, uzito wa pale mbele unaiua mwendo. Puani weka kitanzi kilicholegea ili kichwa kiwe huru kutikisika.

Hatua ya 7: Sketi na manyoya

Sketi zilizoshikana zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, zikikauka nyunyiza poda ya mtoto, zitaachana. Zikikatika unapozivuta taratibu, tupa, nunua sketi peke yake na utumie kichwa cha zamani. Manyoya yaliyoliwa na wadudu yabadilishe, ya shingoni mwa jogoo mweupe ni mazuri na ukiuliza wachinjaji wa kuku pale sokoni Kongowea hukosi. Osha, kausha, funga kwa uzi wa kushonea ulioviringishwa kwa kubana, maliza na tone la gundi. Kuna wanaofumua gunia la naironi wakatumia nyuzi zake, na jodari wadogo wanazila tu.

Hatua ya 8: Jaribu mwendo

Chambo hakijaiva mpaka kiogelee. Karai halitoshi hapa, unataka mahali pa kukivuta hatua kadhaa, kwenye gati ama ukingo wa maji, kule mkono wa bahari wa Tudor au Mtwapa maji yakiwa yamejaa. Pasiwe na waogeleaji. Na mbele ya Nyali mpaka Bamburi kumbuka kuna hifadhi ya bahari iliyotangazwa 1986, ndani ya mipaka ya ile mbuga hakuna kuvua kabisa, kwa hivo usiende kujaribu mishipi huko halafu uanze kujieleza kwa askari wa KWS, shirika la wanyamapori. Kama hujui mpaka unapita wapi, waulize wazee wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, kwenye bandari yako.

Kifunge kwenye mshipi wenye urefu wa kama hatua mbili, ncha ya fimbo iwe chini, tembea. Rapala nzima inakwenda mbele sawa huku inatikisa kiuno. Ikikimbilia kulia, shika lile jicho la puani kwa plaisi na ulipinde kidogo upande wa kushoto. Ikienda kushoto, pinda kulia. Kidogo hapa ni kidogo kweli, unene wa unywele, jaribu tena, pinda tena. Mtu anayepinda mara moja kwa nguvu analing'oa jicho. Ikijilaza ubavu haidhuru unapinda vipi, angalia ulimi kama umekaa sawa katikati, na uangalie ndoana kama ni nzito mno.

Kijiko kinatakiwa kuyumba huku na huku. Kikizunguka mfululizo unakivuta haraka mno ama kimepindika, na mshipi wako utajisokota wote.

Kasi nayo. Cha ulimi kinapenda mwendo wa kati, maili 4 mpaka 6 za bahari kwa saa, ukizidisha vingi vinaruka nje ya maji. Vya sketi vinastahimili kasi zaidi, 7 au 8. Kwa hivo usifunge rapala ya kitambo na sketi kwenye mashua moja ukategemea vyote vifanye kazi. Simu yako ina GPS, itumie.

Hatua ya 9: Kipi kitoke lini

Kaskazi, Desemba mpaka Machi hivi, bahari imetulia na maji ni safi: fedha, buluu, na vijiko. Kusi na mvua zikianza, maji ya karibu na mikono ya bahari yanachafuka, hapo toa rangi nzito, nyeusi na zambarau, ama zile za kelele, chungwa na kijani kibichi. Nyekundu ukiishusha chini sana inakuwa giza tu, kwa sababu mwanga mwekundu ndio wa kwanza kumezwa na maji, kwa hivo usilipie jigi kwa ajili ya wekundu wake.

Popa ni ya alfajiri na magharibi, kwenye mlango wa mwamba maji yakianza kutembea. Ukirusha kutoka kwenye majabali ya Lighthouse hapa Mombasa tumia kijiko kizito na uache rapala nyepesi nyumbani, upepo utakurudishia usoni. Wakati wa kusi usisimame kwenye jabali lililolowa, jabali likiwa limelowa ina maana wimbi linafika hapo.

Hatua ya 10: Kurudisha kwenye boksi

Vya mpira laini viwe na mfuko wao, mbali na vyote, umeshaona sababu. Chambo kilichotoka baharini kisirudi ndani kikiwa na unyevu, kimoja kibichi kinaozesha ndoana za boksi zima. Toboa matundu madogo pembeni mwa boksi, tia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na lisikae kwenye buti la gari juani. Ncha za ndoana zivalishe kipande cha mrija wa soda.

Zile ndoana ulizozikata hatua ya kwanza bado ziko kwenye sinia. Usizitupe jaani zikiwa wazi wala usizizike ufuoni, watoto wanapita pekupeku na mbwa na paka wanapekua. Tia kwenye kopo la bati, ligonge mdomo mpaka lifunge, ama mpe anayenunua vyuma chakavu na umwambie kilichomo ndani kabla hajatia mkono.